Mikwaruzo Minane ya Chumba cha Nne

Kwa miaka ishirini na miwili Fundi Kona alipaka rangi ndani ya Jumba la Sanaa la Taifa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona picha hata moja ikiwa ukutani. Ukitaka kucheka, cheka. Mwenyewe alikuwa akicheka. Kazi yake ilianza picha zikishateremshwa na kufungiwa stoo, ikaisha siku moja kabla hazijapandishwa tena. Wiki moja kila mwaka jumba lilifungwa, mafundi wakaingia, wakanukisha tapentaini kila pembe, wakaondoka. Wenye suti zao walipokuja kutazama, Fundi Kona alikuwa zake juu ya ngazi nyingine, anapaka ukuta wa zahanati au choo cha shule. "Mimi ni mpishi wa karamu nisiyoalikwa," ndivyo alivyozoea kusema.

Jina la Kona alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya mkono wake. Wenzake walibandika karatasi ya gundi pale konani, ukuta unapokutana na dari, ili rangi zisiingiliane. Yeye alichukua brashi ya inchi moja, akavuta pumzi, akaizuia kifuani, na mstari ukatoka umenyooka kuliko wa rula. Wenzake walisema huyu angezaliwa kwingine angekuwa daktari wa macho.

Sasa ana miaka sitini na tisa, magoti yamekataa ngazi, na Jumamosi hii, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa anakwenda kule kama mgeni. Lakini usije ukadhani alikwenda kutazama picha. Za picha hana habari nazo. Alikwenda kutazama ukuta.

Ngoja nieleze, maana jambo lenyewe lilianzia kwenye redio. Mkewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma, na tangu siku ile redio ndiyo iliyokuwa mtu wa pili mle chumbani. Chumba chenyewe kimoja: kitanda, meza, jiko la mafuta, sanduku la bati chini ya kitanda. Bado alikuwa analala upande wa ukutani, amejibana, kwa sababu upande wa mlangoni ulikuwa wa mkewe, aliyeamka alfajiri kwenda sokoni kuuza mitumba. Hakuna aliyemkataza kulala katikati. Aliwahi kujaribu usiku mmoja, akaona kama amevamia nafasi ya mtu msikitini au kanisani, akarudi ukutani kwake.

Kila asubuhi mtangazaji alisema, "Habari za asubuhi, wasikilizaji," na Fundi Kona akamjibu, "Njema tu, mwanangu, sijui nyie huko." Kuna siku nzima zilizopita na hayo ndiyo maneno pekee aliyoyatamka.

Basi asubuhi ya Jumatano mtangazaji huyo akasema kwamba Jumba la Sanaa la Taifa, lile lililokuwa forodha enzi hizo, limefunguliwa tena baada ya matengenezo. Mbao zilizofunika kuta kwa miaka thelathini zimeng'olewa. Kuta za asili zimesafishwa na kusawazishwa, na wazee wataingia bure Jumamosi.

Fundi Kona akatua kikombe. "Zimesafishwa?" akaiuliza redio. "Zote?"

Redio ikaendelea na habari za mpira.

Sasa sikia habari za mbao hizo. Kuta za forodha ni nene kupita mkono wa mtu, zimepigwa lipu ya chokaa ya zamani, na wakubwa wa jumba hawakutaka zitobolewe misumari. Kwa hiyo walizivisha plaiwudi kuanzia sakafuni hadi juu ya kimo cha mtu, na picha zikatundikwa kwenye plaiwudi. Kila mwaka mafundi walifungua skrubu, wakalaza mbao chini, wakazipaka rangi mpya, wakazirudisha. Nyuma yake ukabaki ukuta mtupu ambao hakuna aliyeuona isipokuwa watu wa ndoo na brashi.

Na katika chumba cha nne, nyuma ya ubao wa kwanza ukiingia mkono wa kushoto, ndipo alipokuwa binti yake.

Walimpata baada ya miaka kumi na mmoja ya kungoja, wakati ndugu wameshachoka kuuliza na majirani wameshachoka kusengenya. Alizaliwa mdogo mno. Nesi alipomkabidhi, Fundi Kona akamtazama, akasema, "Huyu hata brashi ya inchi moja inamshinda unene." Mama wa mtoto akacheka mpaka akashika tumbo, na tangu hapo mtoto akaitwa Inchi. Jina la kwenye cheti lilikuwepo, lakini lilibaki huko huko kwenye cheti.

Wiki ya kupaka rangi jumba iliangukia likizo, mama yuko sokoni, kwa hiyo Inchi alikuja kazini na baba. Alikuwa na miaka mitatu mwaka wa kwanza. Alizunguka mle ndani akipiga kelele ili asikie sauti yake ikirudi, halafu akaja kusimama mgongo ukutani, miguu pamoja, akitazama baba anavyofungua skrubu. Fundi Kona akamwona alivyosimama, akatamani kuweka alama. Kwao hawakuwa na pa kuiweka. Walikuwa wapangaji, na mwenye nyumba wao alikuwa mtu wa sheria: ukuta wake usiguswe hata na kalenda. Kila baada ya mwaka au miwili walihama, na kila nyumba ilikuwa na mwenyewe wa aina hiyo hiyo.

"Huku nyuma hakuna mwenye nyumba," Fundi Kona akasema. Akachukua skrepa yake ya kukwangulia rangi, akakwaruza mstari juu ya kichwa cha mtoto. Pembeni akakwaruza namba ya rangi ya mwaka ule, ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, kwa sababu ndivyo mafundi wanavyokumbuka miaka. Mtu mwingine atakuambia mwaka wa njaa, mwaka wa mvua kubwa. Fundi rangi anakuambia mwaka wa namba thelathini na moja, ile krimu iliyochelewa kukauka. Kisha akarudisha ubao. Baba na binti wakawa na siri.

Wakapimana hivyo kila mwaka. Miaka minne, mitano, sita. Jioni wakirudi nyumbani Inchi alimwonyesha mama kwa vidole ameongezeka kiasi gani, na mama akashangaa upya kila mara kama hajawahi kuona mtoto akirefuka.

Alipofika miaka minane wakaambiwa moyo wake una kasoro. Tisa, akaanza kuchoka hata kwa kupanda ngazi tatu. Mwaka wa kumi Fundi Kona alitaka kumwacha nyumbani, mtoto akagoma kula. "Bila mimi utampima nani?" Akambeba mgongoni mpaka jumbani.

Siku hiyo miguu haikumshika vizuri, ikabidi baba amshike kwapani kwa mkono mmoja na skrepa kwa mkono mwingine.

"Baba, usininyanyue," akasema Inchi. "Ukininyanyua itakuwa uongo."

"Nikunyanyue ya nini? Simama wima."

Akamnyanyua. Kidogo tu, kiasi cha nusu kidole, kwa sababu mwaka mzima mtoto hakuwa ameongezeka hata unywele, na mstari mpya ungeangukia juu ya ule wa zamani. Akakwaruza haraka. Inchi akageuka, akaona mistari miwili, huu juu ya ule, akapiga makofi. "Nimekua!" Sauti ikagonga dari ikarudi.

Miezi miwili baadaye walimzika.

Watu walikuja, wakasema yale yanayosemwa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, wakaondoka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi walikuwa wawili tu. Picha za Inchi zilikuwa mbili, kwenye sanduku la bati. Paa likavuja msimu mmoja wa mvua, maji yakaingia sandukuni, picha zikashikana, na walipojaribu kuzibandua uso ukabaki kwenye vidole vya mama. Tangu hapo ukuta ndio uliobaki.

Kwa miaka kumi na miwili iliyofuata Fundi Kona aliendelea na kazi yake. Kila mwaka aliwaambia wenzake, "Ubao ule niachieni mimi," nao wakamwachia, wakidhani ni ukaidi wa mafundi wakongwe. Jioni akifika nyumbani, kabla hajavua viatu, mkewe alimuuliza neno moja.

"Yupo?"

"Yupo."

Hawakuzidisha neno. Mama alirudi kwenye sufuria zake, baba akaenda kuoga atoe rangi.

Kisha akastaafu, na jumbani hakuingia tena. Miaka saba baadaye mkewe akalazwa. Jioni moja, wodini, katikati ya kuzungumzia mambo ya dawa, akafumbua macho akauliza, "Yupo?" Na Fundi Kona, ambaye alikuwa hajaukanyaga mlango ule kwa miaka saba, akajibu bila kupepesa jicho, "Yupo." Mkewe akalala. Hakuamka tena kuzungumza.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini neno la redio lilimkata maini. Kama wameupiga lipu ukuta ule, basi neno la mwisho alilomwambia mkewe lilikuwa uongo, na mtoto amezikwa mara ya pili.

Jumamosi akapiga pasi shati lake jeupe, lile la misibani. Akatembea kwa miguu. Mlangoni kulikuwa na mlinzi wa kike, kofia imemkalia kisogoni, aliyemwamkia vizuri, "Shikamoo babu," akampa tiketi isiyolipiwa na kumwonyesha njia. Yaani kumwonyesha njia yeye! Fundi Kona akajizuia asicheke. Ngazi zile alizijua kwa vidole vya miguu. Ya saba ilikuwa na ufa, na ufa ulikuwa bado upo.

Chumba cha kwanza akaona picha, kwa mara ya kwanza. Akasimama katikati, hajui mtu huanzia wapi. Wengine walikuwa wanatembea polepole, mikono nyuma, wanasogea, wanarudi nyuma, naye akafunga mikono nyuma. Kulikuwa na moja kubwa kama mlango wa gereji, nyekundu tupu kutoka pembe hadi pembe, na watu wawili walikuwa wanaitazama kwa heshima zote. Fundi Kona akaitazama kwa jicho la kazi. "Huu ni mkono wa kwanza," akamwambia mmoja wao. "Hajamalizia. Ona anavyoonekana mkokoto wa brashi." Yule bwana akamtazama, akasogea picha ya pili. Hakuna aliyemsemesha tena mle chumbani.

Chumba cha pili na cha tatu alipita akitazama pembe za dari. Nani kapaka hii? Kapaka kwa mguu? Lakini hata hasira yake ilikuwa ya kupitisha muda. Kila alivyokaribia mlango wa chumba cha nne hatua zilizidi kuwa fupi.

Akaingia, na jicho likaangukia kwanza dirishani. Pale, nyuma ya ubao wa dirishani, mafundi walikuwa na kijiwe chao: majina yao ya utani, matokeo ya mechi, na mchoro wa msimamizi wao mwenye tumbo. Hapakuwa na kitu. Ukuta ulikuwa umepigwa lipu mpya, laini, nyeupe kuliko sehemu nyingine, bado unanuka chokaa. Hata tumbo la msimamizi lilikuwa limekwenda.

 Akashika fremu ya mlango. Basi, akajisemea. Basi. Wamemfuta.

Akageuka kushoto kwa sababu mwili ulikuwa umezoea kugeuka kushoto.

Kulikuwa na kamba nyekundu kwenye vijiti viwili. Nyuma ya kamba kulikuwa na kioo kilichofungwa ukutani kwa vishikizo vya shaba, na juu yake taa ndogo. Ndani ya kioo, mikwaruzo minane. Namba zake. Thelathini na moja, ile krimu. Arubaini, ile ya majani mabichi. Saba, kumi na nane, zote. Na ile miwili ya juu, huu juu ya ule, nusu kidole kati yao.

"Aa," akasema Fundi Kona. "Aa, mama."

Pembeni palikuwa na kibao. Akatafuta miwani, akaivaa, akasoma:

ALAMA ZA MIZIGO. Mikwaruzo minane yenye namba katika lipu ya chokaa. Inadhaniwa kuwa kazi ya makarani wa forodha waliopima kimo cha marobota ya bidhaa. Umri: unakisiwa kuzidi miaka mia moja.

Akasoma mara tatu. Mara ya tatu kicheko kikampanda, kweli kabisa, kikafika kooni. Marobota! Inchi aliyekuwa mwembamba kama uzi, leo robota! Akatamani kumgeukia mtu amwambie, hapo hapo, "Hebu sikia kichekesho hiki," na mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu duniani, naye amelala makaburini. Kicheko kikakwama, kikageuka kitu kingine, akakimeza.

Ndipo kundi la wageni likaingia, watu kama kumi, na mbele yao mwelezaji wa jumba, binti mwenye miwani na kitambulisho shingoni. Fundi Kona akajisogeza pembeni.

"Na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote," akasema binti. Akaeleza habari za forodha, makarani, mizani, marobota yanavyopangwa. Alieleza vizuri, kwa mikono na macho, na Fundi Kona mwenyewe karibu aamini. "Mafundi wa matengenezo walitaka kuzifuta. Nikawaambia kabla hamjagusa hapa, nigongeni mimi kwanza. Niliandika barua nne kwa bodi. Nne!"

Watu wakacheka kwa heshima. Akanyoosha shingo mama mmoja mnene aliyesimama mbele, mwenye mkoba mkubwa na viatu vya mtu anayesimama kutwa.

"Binti yangu, usinikasirikie," akasema. "Mimi ni nesi wa kliniki ya watoto. Mwaka wa ishirini na sita huu napima watoto. Hayo si marobota."

"Ni nini, mama?"

"Ni mtoto. Tazama. Huku chini anaruka vidole vinne kwa mkupuo, hapa vitatu, hapa vitatu, hapa viwili. Ndivyo wanavyokua. Robota gani linakua? Na hapa juu," kidole chake kikakaribia kioo, "hapa alianza kuumwa. Huyu mtoto aliumwa sana."

 Fundi Kona alikuwa ameshika ncha ya shati lake. Mtu amemsoma mwanawe ukutani, kama anavyosomwa aliye hai.

"Mama, utanifukuzisha kazi," akasema binti, akicheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba.

"Kwani zikiwa za mtoto kuna ubaya gani?" akauliza bwana mmoja.

"Ubaya hakuna. Ila zikiwa za mtoto wa fundi wa juzi juzi, basi ni kama zile zilizokuwa pale dirishani." Akaonyesha lipu mpya. "Bodi imeshapitisha: cha forodha kinabaki, cha mafundi kinafutwa. Hapo hata mimi sitaweza kuzitetea. Jumatatu watakuja na ndoo."

Jumatatu. Fundi Kona alizijua ndoo hizo. Alijua mpaka mlio wa mwiko ukikwangua pembeni mwa ndoo.

"Tumuulize mzee," akasema nesi, akamgeukia. "Penye wazee haliharibiki neno. Babu, wewe umelea. Tazama vizuri utuambie. Huyu si mtoto?"

Watu wote wakamgeukia. Kwa miezi minne hakuna aliyemuuliza chochote zaidi ya "unashukia wapi", na leo wanamuuliza hili. Lilikuwa pale, nyuma ya meno: ni binti yangu. Aliitwa Inchi. Alipenda kupiga kelele humu ndani ili sauti yake irudi. Alitaka kulisema kwa nguvu, mbele ya watu kumi, mara moja tu katika maisha yake, kisha wafanye watakavyo.

Akatazama lipu mpya ya dirishani.

"Hapana," akasema. "Ni marobota."



"Babu yangu alikuwa mpagazi hapa," Fundi Kona akaendelea, na alivyoanza akashangaa maneno yalivyotoka kirahisi. "Alikuwa akitusimulia. Robota lilisimamishwa hapo ukutani, karani akakwaruza juu yake. Namba ni za wenye mizigo."

"Babu!" Binti alikuwa ameshatoa daftari, macho yanamwaka. "Unajua nimemtafuta mtu kama wewe mwaka mzima? Naandika, usiache kusema. Na hii ya mwisho, mbona iko karibu hivi na ile ya chini yake?"

Fundi Kona akaitazama ile nusu kidole.

"Hiyo mpimaji alidanganya," akasema taratibu. "Alilinyanyua kidogo. Lilikuwa halijaongezeka, na yeye alitaka lionekane limeongezeka."

"Kwa nini? Alipata faida gani?"

"Hakupata faida."

Binti akaandika. Nesi hakuwa anatazama kioo tena. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa Fundi Kona, uliokuwa umeinuka wenyewe, kiganja chini, umetulia hewani kwenye kimo cha mtoto wa miaka kumi. Mzee akauona, akauteremsha, akautia mfukoni.

"Na baada ya hapo?" akauliza bwana yule. "Mbona hawakuendelea kupima?"

"Labda biashara ilihamia kwingine," akasema mwelezaji. "Eti babu?"

"Ilihamia kwingine."

Binti akamshukuru kwa mikono miwili, akasema maelezo yake yataingizwa kwenye kibao kipya, akaongoza kundi kuelekea chumba cha tano. Nesi akabaki nyuma, akijidai anatafuta kitu mkobani. Viatu vya wenzake vilipokwisha kusikika, akauliza, macho yakiwa bado mkobani:

"Hilo robota lilikuwa linaitwaje?"

 Jina lile hakuwa amelitamka kwa sauti tangu walipomzika.

"Inchi," akasema.

"Pole sana, baba."

"Nimeshapoa." Ndivyo watu wanavyojibu, naye akajibu hivyo.

Nesi akatikisa kichwa mara mbili, akafunga mkoba, akaenda zake, maana walikuwa wanamwita. Hatua zake zikapungua, zikaisha.

Fundi Kona akabaki peke yake na taa ndogo na kioo. Kioo kilikuwa kimesafishwa vizuri, vishikizo vimekaza, pembe zimenyooka. Fundi aliyekifunga alikuwa fundi. Hapa mvua haifiki. Hapa hakuna mwenye nyumba. Kesho na keshokutwa watakuja watu wa mbali, watasimama mbele ya mwanawe, mikono nyuma, watasoma kibao, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba alikuwa mtu. Yeye ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alikuwa amemkana ili akae.

Akavuka kamba bila kujua amevuka. Akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, hapo kwenye mstari wa nane.

"Mzee! Mzee wangu!" Alikuwa ni yule mlinzi wa mlangoni, amekuja kuzima taa za vyumba vya nyuma. Hakuwa na ukali. "Samahani, babu. Rudi nyuma ya kamba. Hiyo hairuhusiwi kuguswa, ni mali ya taifa."

"Sikujua, mwanangu. Nisamehe."

"Haina neno. Tunafunga baada ya dakika tano."

Akaufuta ule ukungu kwa mkono wa shati lake jeupe, akarudi nyuma ya kamba, akasimama pale wanaposimama wageni. Mlinzi akaendelea na chumba cha tano. Swichi ikalia, nyingine ikalia mbali zaidi.

"Yupo," akasema Fundi Kona. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.